Twiga wa Kichwa Chini

Fundi hakupokea chenji kama watu wengine. Mama akimrudishia shilingi kumi, haikuingia mfukoni. Aliisogeza karibu na pua, akaigeuza, akaielekeza kwenye mwanga, akaigeuza tena. Nyuma yake foleni ya mahamri ilikuwa inanung'unika. Watoto wa shule wamechelewa, watu wa kazi wamechelewa, mbaazi zinaganda kwenye bakuli, naye amesimama pale na gongo lake akiisoma kumi kana kwamba ni barua ya mtu aliyesafiri.

“Fundi, hiyo ni pesa, si barua,” mama alimwambia.

“Ni barua, Mama Mahamri. Ila nyinyi mwaitumia bila kuifungua.”

“Basi kaisomee kando, wenzio wapate kula.”

Alisogea kando hatua moja. Hatua moja tu, na gongo akaliacha palepale njiani, watu wakawa wanaliruka.

Tulikaa nyumba moja Bombolulu, nyumba ya vyumba sita na ukumbi mmoja katikati. Sisi tulikuwa chumba cha mbele, na mama alikaangia mahamri barazani. Yeye alikuwa chumba cha mwisho, karibu na choo. Alisema alikichagua mwenyewe kwa sababu dirisha lake hupata jua la asubuhi, na kazi yake ya macho yataka jua. Mama alisema alikipata kwa sababu hakuna mwingine aliyekitaka. Alifanya kazi katika karakana ya vipuli na bangili za shaba, na tangu nianze kumjua aliitwa Fundi tu. Jina jingine alikuwa nalo, bila shaka, lakini hata mwenye nyumba kwenye daftari lake aliandika Fundi. Mimi nami sitaliandika. Nikiliandika nitaona kama namsema mtu mwingine.

Miaka hiyo yote mimi nilikuwa nyuma ya karai, nageuza mahamri. Nilimaliza darasa la nane nikabaki na mama. Si mtu wa maneno mengi. Mteja akiniuliza bei, mama ndiye aliyejibu. Wengine walidhani nina kiburi. Fundi aliniita Bi Kimya, na kila asubuhi aliniuliza neno lile lile: “Bi Kimya, leo umeniwekea lipi?” Nami nilikuwa nimemwekea hamri lililovimba kuliko yote, nikalisukuma mbele bila kusema kitu. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu.

Foleni ikiisha aliketi kwenye kigoda akaomba kopo la mama. Lilikuwa kopo la siagi, na ndani yake mna sarafu zote za asubuhi. Alizimwaga kwenye sinia, akazitandaza kwa kidole kama mtu anayechagua mchele. Kwanza kwa macho matupu. Akiishuku moja, alitoa mfukoni kioo kidogo cha kukuzia, kile cha mafundi saa, akakibana jichoni, na uso mzima ukajikunja upande mmoja. Akiipata aliyoitaka, yenye kasoro yake, alitoa sarafu yake ya thamani ileile, akaiweka kwenye sinia, ndipo akaichukua ile. Kumi kwa kumi, tano kwa tano. Hakuwahi kuongeza hata ndururu, na hakuwahi kuchukua kabla ya kuweka.

“Kama ni ya maana hivyo, mbona wanipa kumi tu?” mama alimuuliza.

“Kwa sababu imeandikwa kumi.”

“Na huko kwingine ikiwa yauzwa zaidi?”

“Siku nitakayolipa zaidi, Mama, kesho yake Bombolulu nzima itaamka na nyundo.”

Kanisani kwake alikuwa na tabu zaidi. Kikapu cha sadaka kilipomfikia, aliweka chake, kisha akachungulia. Kisha akaingiza kidole. Kisha, kwa heshima zote, akatoa kumi mfukoni na kubadilisha. Mzee wa kanisa alimnong'oneza kwamba hapa watu hutoa, hawachagui. Hakuacha. Mwishowe wakamhamishia kiti cha mbele kabisa, ili kikapu kimfikie kabla hakijapata kitu. Yeye aliwaambia watu wa nyumbani kwamba amepandishwa cheo.

Alikuwa na majina yake ya kasoro, na baada ya muda hata wateja waliyajua. Sarafu iliyopungua ukingoni kama biskuti iliyoumwa, hiyo imetafunwa. Ile ambayo herufi zake zina kivuli, kama iliyopigwa mara mbili, hiyo ina pacha. Ile iliyopotewa na herufi kwa sababu mafuta ya mashine yaliziba chapa, hiyo imemeza. Na ile ya rangi mbili ambayo kiini chake kimehama katikati, hiyo aliiita yai. Yai alikuwa nalo moja tu, kumi ya zamani, na kabla ya kumwonyesha mgeni alimuuliza kwanza kama amenawa mikono.

Lakini kwa kila sarafu swali lake kubwa lilikuwa hili: kasoro hii ni ya kuzaliwa au ya kupatwa? Ya kuzaliwa ni ile iliyotoka nayo kiwandani, kwenye mashine. Ya kupatwa ni ile iliyoipata huku kwetu, kwa tairi, kwa nyundo, kwa moto, kwa mtoto aliyeimeza na kuitoa. Ya kuzaliwa aliipokea kama mgeni. Ya kupatwa aliipa pole. Wallahi aliipa pole kwa mdomo, “pole sana,” halafu akairudisha kwenye kopo la mama iendelee na kazi.

Alijua kutofautisha kwa sababu kazi yake mwenyewe ilikuwa hiyohiyo, ila kwa shaba. Alikata visahani vya vipuli kutoka kwenye bati la shaba kwa mashine ya mkono, kisha akavipiga chapa ya juu na chapa ya chini kwa pamoja. Ukichelewa kulisogeza bati, alisema, kisu kitauma palepale kilipokwisha kuuma, na kisahani kitatoka kimetafunwa. Chapa ikilegea kwenye skrubu zake itazunguka, na ua la mbele halitalingana na ua la nyuma.

“Makosa yote wanayofanya wao kwenye mashine kubwa, mimi nimeyafanya kwenye mashine ndogo,” alisema. “Siwacheki. Nawatambua tu.”

Sasa mtu aliyesema maneno hayo, kipuli chake mwenyewe kikiwa na doa dogo kama ncha ya sindano, hakikuuzwa. Kilitupwa kwenye mkebe wa kuyeyushwa. Mama aliwahi kumwomba jozi moja ya vile vilivyokataliwa.

“Watu watakuuliza ni kazi ya nani,” Fundi akasema.

“Nitasema ni yako.”

“Ndiyo maana sikupi.”

Kwa hiyo alikuwa na kopo zima la makosa ya wengine chini ya kitanda, lakini kosa lake mwenyewe hakuweza kulala nalo chumba kimoja. Na mengine hakuyaona kabisa. Angeweza kuona kwamba herufi moja kwenye shilingi imenenepa kuliko wenzake, asione kwamba amefunga kifungo cha pili kwenye tundu la kwanza na kola imempanda mpaka sikioni. Siku moja alikwenda kazini na ndara moja ya buluu na moja ya kijani. Ile ya kijani ilikuwa ya mama. Mama alishinda na mguu mmoja peku mpaka alasiri, na Fundi aliporudi mama akamwambia, “Fundi, hebu nisomee ndara hizo.” Alizitazama kwa muda mrefu. “Zina tofauti,” akakubali.

Mguu wake mmoja ulikuwa mfupi. Watoto wakimuuliza, aliwaambia ni papa wa Nyali. Akina mama aliwaambia ni dafu lililomwangukia. Asubuhi moja mama akamkazia mbele ya watu.

“Hebu, Fundi, leo sema kweli. Huo mguu ni wa kuzaliwa au wa kupatwa?”

Foleni yote ikageuka kumtazama. Nikaona haya kwa niaba ya mama, nikainamia karai. Yeye alicheka mpaka gongo likamponyoka.

“Wa kuzaliwa, Mama! Nimetoka nao kiwandani. Usithubutu kunipa pole.”

Kwenye jambo la sarafu hakumwonea mtu haya. Kulikuwa na kijana mmoja wa bara, wa bodaboda, aliyeona kwenye simu kwamba ng'ambo sarafu zenye makosa huuzwa kwa pesa nyingi. Akaja na ishirini iliyopungua ukingoni.

“Mzee, cheki hii. Imetafunwa, si ndiyo? Hii si ni doo?”

Fundi aliitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili, alikuwa anafurahia. Kisha akamwonyesha ukingo wa upande wa pili, ule unaokabiliana na pale palipopungua. Sarafu iliyotafunwa kiwandani, alisema, upande huo wa pili ukingo wake hufifia, kwa sababu mashine ya kuinua ukingo ilibana hewa upande huu ikakosa nguvu upande ule.

“Yako upande wa pili imesimama kama askari. Umetumia msumeno au tupa?”

Kijana akatazama foleni. Akatazama chini. “Tupa.”

“Ya nani?”

“Ya msee wa kuchomelea, hapo steji.”

“Mrudishie. Na ishirini yako ukanywee chai, kama wataipokea.”

Mpaka leo kijana yule anaitwa Tupa. Wateja wake wengine hawajui hata kwa nini.

Huyo alikuwa kijana, watu walicheka yakaisha. Lakini mara nyingine alikuja mwenye nyumba, ambaye hata mama humwogopa. Alileta shilingi aliyoikuta kwenye koti la marehemu baba yake, nyeusi, herufi zimevimba kama zimelowa. Alikuwa ameifunga kwenye kitambaa. Alisema anadhani ni kitu adimu, kwa sababu mzee asingeiweka bure. Fundi akabana kioo jichoni.

“Ya kupatwa,” akasema. “Imeungua.”

“Tazama vizuri.”

“Nimetazama. Imeungua. Pole.”

“Sema tu ni nzuri, bwana. Ni ya marehemu.”

“Marehemu namwombea, Mungu amlaze pema. Lakini shilingi imeungua.”

Mwenye nyumba aliifunga tena kwenye kitambaa chake, akaondoka bila kuaga, na kwa mwezi mzima ilikuwa haijulikani kama chumba cha mwisho kitabaki na mtu. Mama alikuwa na hasira kuliko mwenye nyumba.

“Neno moja jema, Fundi! Ungelisema ungekufa?”

“Nikidanganya kwa moja, Mama,” akajibu, na safari hii hakucheka, “kopo langu lote laingia shaka.”

Katika kopo hilo kulikuwa na pengo moja. Tangu zitoke hizi sarafu mpya za wanyama, alikuwa anatafuta shilingi moja, ile yenye twiga. Upande mmoja ina ngao ya taifa, upande mwingine twiga. Ukiisimamisha ngao sawa kisha ukaigeuza, twiga naye yatakiwa awe wima. Chapa ikiwa imezunguka, twiga huinama. Fundi alikuwa na twiga watatu. Mmoja ameinama kidogo, kama anayesikiliza umbea wa jirani. Mmoja amelala kabisa. Mmoja amepita kulala, kichwa kinaelekea chini. Alimtaka wa nne, aliyegeuka moja kwa moja.

“Yule wa kichwa chini,” alisema. “Anayekula mchanga. Siku nikimpata huyo nafunga kopo, narudi Kaloleni kwenye minazi yangu. Bombolulu hamnioni tena.”

“Minazi ipi? Wajomba zako walishaimaliza zamani,” mama akasema, na watu wakacheka.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nageuza mahamri, na maneno yale yaliniingia vibaya. Tangu siku hiyo, kila alipomwaga kopo la mama kwenye sinia niliomba kimoyomoyo asimpate. Alipogeuza shilingi, sikuviangalia vidole vyake. Nilimtazama usoni, kuona kama uso utabadilika. Usipobadilika nilipumua, nikarudi kwenye karai langu.

Kisha asubuhi moja hakuja. Yalikuwa mafua tu. Alikuwa ndani kwake anakohoa, na foleni ilipokwisha mama alimpelekea uji. Nikabaki barazani na kopo. Sijui nini kilinituma. Nililimwaga kwenye sinia kama yeye, nikachukua shilingi ya kwanza iliyokuwa karibu na mkono, mpya, inang'aa. Nikaisimamisha ngao sawa. Nikaigeuza. Twiga alikuwa kichwa chini.

Nikarudia. Ngao sawa, geuza, kichwa chini. Yeye miaka yote ile, na mimi ya kwanza tu! Sikuangalia nyingine. Nani angeangalia nyingine? Nilizirudisha zote koponi, nikatia shilingi yangu mwenyewe badala ya ile, maana hata katika wizi nilifuata sheria yake, nikaweka kwanza ndipo nikachukua. Ile nikaifunga kwenye pindo la leso. Mama aliporudi akaniuliza mbona nimeikamata leso hivyo. Nikasema mafuta yamenirukia.

Kesho yake Fundi alikuja, pua nyekundu. “Bi Kimya, leo umeniwekea lipi?” Nikamsukumia hamri bila kuinua macho. Akaomba kopo, akamwaga, akatafuta, akakosa. Nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona: akishakosa, huvuta pumzi kidogo kabla ya kushika gongo asimame. Nikajiambia nitampa Ijumaa. Ijumaa nikajiambia baada ya Ramadhani. Hesabu yangu ilikuwa moja: nikimpa, anaondoka. Miaka miwili nilimtazama akitafuta kitu ambacho mimi nilikilalia kila usiku chini ya mto.

Naye akaondoka vilevile, bila kukipata. Kilichomwondoa ni mguu mzuri, si ule mfupi. Alisema umechoka kufanya kazi ya miguu miwili. Binti yake aliyeolewa Chaani alikuja na pikapu, akampakia pamoja na godoro, sanduku la vyombo vya kazi na lile kopo, ambalo alikataa likae nyuma na mizigo. Mama alilia waziwazi, huku anamsema.

“Nenda, nenda! Foleni yangu ipate kutembea.”

Mimi nilisimama kando ya gari. Shilingi ilikuwa pindoni, nimeikamata kwa nje ya leso.

“Bi Kimya,” akasema dirishani, “leo hujaniwekea.”

Nilikimbilia karai nikamletea hamri. Alilipokea kwa mikono miwili. Gari likaondoka, na shilingi ikabaki kwangu.

Kabla ya hapo nilikuwa na kisingizio. Sasa sikuwa nacho. Ameondoka, na bado nimemfichia. Nilikaa nayo hivyo miezi saba, mpaka Jumapili moja mama akafunga mahamri kumi na mawili kwenye karatasi, akaniambia nimpelekee Fundi, yeye magoti yanamuuma. Magoti hayakuwa yanamuuma. Nadhani alichoka kuniona.

Chaani nyumba ya binti yake iko karibu na barabara ya malori. Likipita moja, vikombe vinagongana kabatini. Nilimkuta Fundi ameketi nje mlangoni, amekonda kidogo, kopo liko mapajani, vifungo vya shati vimekosea vilevile.

“Shikamoo, Fundi.”

“Marahaba! Bi Kimya! Kumbe sauti unayo?”

Aliuliza habari za mama, za Tupa, za mwenye nyumba. Macho yake yalikuwa yaleyale makali. Aliniambia hereni yangu ya kushoto imelegea kabla sijaketi. Malalamiko yake yalikuwa juu ya sarafu za Chaani.

“Huku zote majeruhi,” akasema. “Malori yanazikanyaga. Mjukuu aniletea chenji ya duka, mimi kazi yangu ni pole, pole, pole. Kutwa natoa pole.”

Binti yake aliingia ndani kuchemsha chai. Maneno niliyoyapanga njia nzima tangu Bombolulu yalikuwa yamepotea yote. Nikafungua pindo la leso, nikaiweka shilingi juu ya kifuniko cha kopo.

“Ni yule,” nikasema. “Wa kichwa chini. Nilimpata kwenye kopo la mama, siku ile una mafua. Nimekuficha zaidi ya miaka miwili. Ulisema ukimpata utaondoka, nami sikutaka uondoke. Kisha ukaondoka.”

Sikuwahi kumwambia mtu maneno mengi hivyo kwa mara moja. Machozi yakaanza kunitoka.

Fundi hakuigusa shilingi. Alinitazama, kisha akasema taratibu, “Hebu nionyeshe ulivyomwona.”

Nikaishika kama siku ile. Nikaisimamisha ngao sawa, nikaibana mbavuni, kidole kushoto na kidole kulia, nikaipindua, chini ikaja juu. Twiga, kichwa chini.

Fundi alikuwa anaangalia vidole vyangu, si shilingi. Uso wake, ambao nilikuwa nimeutazama kuliko uso wowote duniani, ulibadilika. Midomo ilicheza kama ya mtu anayezuia kicheko. Kisha ikatulia.

“Wewe ni mtoto wa mahamri kweli,” akasema.

Akaichukua. Akatoa kile kioo, akakibana jichoni. Akaishika juu na chini kwa vidole viwili, akaizungusha polepole, kama mlango unaofunguliwa. Akazungusha tena. Lori lilipita, tukangoja lipite. Binti yake alikuwa amerudi, amesimama mlangoni na birika.

“Ndiye,” akasema Fundi.

“Kweli, Baba? Yule wa miaka yote?”

“Nimesema ndiye.”

Hakumtazama binti yake, wala mimi. Alijipapasa mfukoni, akatoa shilingi, akaniwekea kiganjani. Ndipo akafungua kopo, akaitia yangu pamoja na wale watatu. Akamwagiza binti utepe mpana, ule wa kufungia maboksi, akalizungushia kopo mara tatu.

“Basi. Nimemaliza. Sasa narudi Kaloleni.”

“Huendi popote, Baba. Kunywa chai.”

“Haya, kwanza nanywa chai.”

Tukanywa chai na mahamri ya mama, yamepoa. Nilimwomba anisamehe. “Nikusamehe nini?” akasema. “Umekaa naye miaka miwili bila kumpoteza. Mimi ningemtoa dukani nikanunua chumvi.” Wakati wa kuondoka alinipungia gongo mpaka nilipokata kona.

Nilitembea kama mtu aliyetuliwa mzigo. Nikaingia duka la kwanza nikanunua maji, na mwenye duka akanipa chenji. Nilitaka kumwona twiga wa kawaida yukoje, kwa sababu kusema kweli sikuwahi kumwangalia. Nikatoa ile shilingi aliyonipa Fundi, nikaisimamisha ngao, nikaigeuza. Kichwa chini. Nikafikiri amenirudishia ileile kwa makosa. Nikachukua tano ya chenji: kifaru, miguu juu. Nikachukua kumi: simba, kichwa chini. Nikageuza ishirini: ndovu naye vilevile. Nchi nzima ilikuwa kichwa chini mkononi mwangu.

Hapo ndipo nilipolisikia lile neno lake la mahamri. Nilikuwa nageuza pesa kama ninavyogeuza kwenye karai, nainua huku napindulia kule. Kwa mara ya kwanza niliviona vidole vyake, juu na chini, kama mlango. Nikaishika shilingi hivyo, nikaizungusha. Twiga akasimama wima. Simba akasimama. Wote wakasimama.

Nilikaa pale mpaka mwenye duka akaniuliza kama chenji ina kasoro.

“Haina,” nikamwambia. “Haina hata moja.”

Yule aliyeshindwa kumpa mwenye nyumba neno moja jema kwa ajili ya marehemu baba yake, mimi alinipa. Kopo lake liko Chaani, limefungwa utepe mara tatu, na ndani yake imelala shilingi nzima, haina ugonjwa wowote, inajifanya mgonjwa kwa ajili yangu.

Siku hizi ni mimi ninayeomba kopo la mama, na siku nyingine sisubiri foleni iishe. Kila shilingi inayoingia naisimamisha ngao, naishika juu na chini, nafungua mlango. Mbaazi zinapoa. Tupa huwa wa kwanza kupiga kelele: “Madam, unauza ama unasoma?”

“Subirini,” nasema, na wananisikia mpaka wa mwisho.

Nikimpata yule wa kweli nitakwenda Chaani mchana, saa anayolala. Nitakata utepe polepole, binti yake amenikubalia. Shilingi kwa shilingi. Nitaweka kwanza, ndipo nitachukua.